Amani ya Kukaa

Machi 9, Jumapili

Mama mchungaji amesema kila mama wa kanisa awe na daftari. Uandike unachomwomba Mungu, halafu akikujibu uandike na hilo, tusiwe watu wa kuomba na kusahau kama kuku anayekunywa maji. Mimi shule nilitoka mapema, na mwalimu alisema mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye unga. Kuku tena. Lakini mdomo ninao, basi nitaandika kama ninavyoongea, Mungu atajisomea.

Ninachoomba: Mungu atuonyeshe kama tuhame au tukae.

Ni hivi. Nyuma ya nyumba yetu kuna kilima, na kuna ukuta wa mawe unaokishika kisitushukie. Ukuta aliujenga baba mkwe, marehemu, na nyumba ni yake. Sasa mvua zimeanza na ukuta una ufa. Si ufa wa kuazima, ni ufa wa kwetu kabisa, ngumi yangu inaingia. Mzee wa kanisa mmoja, seremala, ana vyumba viwili nyuma ya karakana yake, viko wazi, ametuambia njooni mkae mpaka jua lirudi. Ungefikiri tungekuwa tumeshabeba magodoro. Hapana. Nyumba hii ina sheria.

Baba mkwe alikuwa anasema Mungu hasemi na nusu ya nyumba. Kwa hiyo jambo lolote kubwa, Jumapili baada ya chakula, kila mtu mezani anaulizwa kwa zamu: una amani au huna? Wote wakiwa nayo, tunafanya. Mmoja akikosa, tunangoja. Ndivyo nilivyoolewa mimi, na nasikia nilingojwa wiki kadhaa kwa sababu ya shangazi mmoja aliyekosa amani na mdomo wangu.

Leo mume wangu aliuliza. Kitinda, binti yetu wa mwisho, anayesuka nywele pale saluni, akasema anayo. Mimi ninayo. Yeye mwenyewe anayo. Tukamgeukia mama mkwe.

"Sina," akasema, akaendelea kutafuna.

Machi 11

Mvua. Kazini kwa dobi nguo za watu hazikauki. Tajiri amenuna.

Machi 16, Jumapili

Mama mkwe hana amani. Mvua.

Machi 19

Leo tulicheka mpaka tajiri akatoka ofisini. Mimi kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, na mwenzangu wa kufua tunamwita Povu, kwa sababu maneno yake ni mengi na ukiyasuuza hubaki na kitu. (Na yeye ananisema hivyo hivyo, basi tunaelewana.) Kuna bwana mmoja mkubwa wa ofisi ambaye kola zake zina wanja. Mke wake hapaki wanja, namjua. Nikasema sisemi kitu. Povu akasema, "Wewe usiposema kitu utapasuka kama ule ukuta wenu."

Nikacheka. Halafu nikawa nimeacha pasi juu ya shuka, ikaacha alama ya kahawia.

Povu akaniuliza tunangoja nini. Nikamweleza ile sheria ya amani. Akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nikamwambia ufa wenyewe uko kwenye ukuta, sasa niujenge mara ngapi?

Machi 23, Jumapili

Sina, akasema. Safari hii hata chakula hakumaliza.

Machi 27

Fundi mwashi kaja kutazama. Mume wangu alimshikia mwavuli, mimi nilishika maneno. Fundi akagonga mawe, akaweka sikio, akatia kijiti kwenye ufa. Nikamwuliza, "Fundi, utaanguka?"

"Mama, ukuta huu unaweza kusimama mpaka wajukuu zako waoe. Na unaweza kuanguka nikiwa bado nafunga geti."

"Sasa hilo ni jibu gani?"

"Ndilo lililopo."

Eti kuutengeneza sasa haiwezekani, ukichimba chini wakati udongo umeshiba maji ndiyo unauita uje. Mpaka mvua ziishe. Nikamwuliza, tukimtoa mama chumba chake cha nyuma tukamweka cha mbele? Akatazama nyumba, akasema, "Ukija hautachagua chumba."

Alipoondoka alifunga geti haraka kidogo. Nilimwona.

Machi 30, Jumapili

Nina hasira na sitaandika maneno mazuri. Mama mkwe amesema tena hana amani. Mume wangu akainamisha kichwa kama mtoto aliyekatazwa kwenda kucheza. Huyu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mzima, mageti ya mtaa huu nusu kayatengeneza yeye, lakini mbele ya mama yake anakuwa uji.

Nilipokuwa naosha vyombo nikaanza kusema. Nikasema kuna watu wanajificha nyuma ya Mungu. Nikasema kuna watu wazee ambao hawataki tu kutikiswa, wanaita ukaidi amani. Nilisema kwa sufuria, lakini kwa sauti ya kufika.

Kutoka sebuleni akasema, "Redio, punguza."

Ndivyo anavyoniita tangu niolewe. Zamani nilidhani ni tusi. Siku hizi sijui ni nini.

Aprili 2

Mlango wa nyuma haufungi tena. Umevimba kwa maji, au fremu imesogea. Mume wangu anasema umevimba. Kitinda anasema fremu. Mimi nimeweka tofali.

Mama mkwe huwa namkuta koridoni. Macho yake yamebaki kuona mwanga tu, kwa hiyo anaijua nyumba kwa kiganja. Anapitisha mkono ukutani na kuhesabu: hapa mlango wa jiko, hapa msumari wa kofia ya mzee, hapa chumba. Leo alikuwa amesimama chumbani kwake upande wa nyuma, kiganja kimelala ukutani, hatembei. Nikamwuliza, "Mama, unatafuta nini?"

"Unatoa jasho," akasema.

Nikagusa. Kweli, ukuta wa chumba ulikuwa umelowa. Nikampangusa mkono kwa kanga yangu, tukanyamaza wote wawili. Mimi kunyamaza, andika hapo.

Aprili 4

Nimepata jambo nikiwa kwenye pasi, na ninaliandika kabla halijanikimbia.

Suruali nyeusi ya kitambaa unaipiga pasi kwa ndani kwanza. Ukianza kwa nje inang'aa vibaya, na mwenye nayo anakuja kukufokea. Kila anayeanza kazi hii anakosea hapo, anaona upande mmoja anadhani ndiyo suruali. Sasa niko nageuza suruali ya yule bwana wa wanja, nikasimama. Jumapili zote hizi tumeuliza upande mmoja. Una amani ya kuhama? Hakuna aliyeuliza ule mwingine. Kukaa tumekuchukulia kama si jambo, kama kukaa ni kutofanya kitu, na Mungu haulizwi kuhusu kutofanya kitu.

Nimemwambia Povu. Akasema, "Hayo umeyatoa kwenye suruali ya mzinzi?" Nikasema Mungu hachagui suruali.

Aprili 6, Jumapili

Mvua haijakatika tangu juzi. Ibada tulikuwa wachache, mchungaji kahubiri kwa kupiga kelele kushinda bati. Tukarudi, tukala. Kabla mume wangu hajaanza zamu nikasema, "Mama, naomba niulize swali moja."

"Toka lini redio ikaomba ruhusa?" akasema. Kitinda akacheka.

"Mama, una amani ya kukaa?"

Nilidhani atajibu upesi, maana yeye si mtu wa kutafuta maneno. Badala yake akapitisha kiganja mezani, akakusanya makombo, akayarundika. Mume wangu akanitazama kwa jicho la we mwanamke.

"Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema.

"Ndiyo nakuuliza, mama."

"Sina."

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Mama, huna?"

"Nalala nikiwa nasikiliza. Kokoto moja ikishuka naisikia. Naamka shingo imekauka. Hiyo utaita amani?"

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaniuliza kuhama. Kuhama sina amani, nikasema sina. Kukaa mkadhani ninayo, na mimi nikawaacha mdhani." Akasukuma makombo. "Huku kuna mkono wa baba yenu. Kila mahali nikigusa nipo naye. Kule nitagusa nini?"

Jamani. Mimi wiki nzima nilikuwa namwita mkaidi kwa sufuria.

Mume wangu akasema, "Sasa Mungu anasema nini hapo? Kuhama hakuna amani, kukaa hakuna amani. Baba angesema tungoje."

"Baba aliitunga hiyo sheria akiwa hana ufa nyuma ya kitanda," nikasema. Kitinda akanikanyaga chini ya meza. Lakini nilikuwa nimeshafunguka. Nikasema labda kuna siku Mungu hatoi amani, anatoa miguu tu. Nikasema tumemwomba atuonyeshe njia na sisi tumekaa tukingoja mpaka tujisikie vizuri. Nikasema mimi ndiye nasema tuhame, na kama nimekosea basi aniulize mimi.

Hilo la mwisho ndilo linalonirudia ninapoandika. Kama nimekosea aniulize mimi. Mdomo huu.

Mama mkwe akanyanyuka, akashika ukuta. "Twendeni," akasema. "Lakini mtu asije akasema nilikuwa na amani."

Aprili 8

Tumehamia kwa yule seremala. Kila kitu kimelowa. Godoro la mama mkwe tulilifunika nailoni, likafika kavu, Mungu asifiwe kwa hilo.

Msumari wa kofia ameung'oa mume wangu kwa koleo, ameupigilia chumba kipya karibu na kitanda. Mama mkwe alipougusa akasema, "Uko chini mno." Mume wangu akaung'oa tena, akaupandisha.

Aprili 9

Nimerudi kutoka kazini kwa njia ya kule nyumbani, nikautazama ukuta. Umesimama.

Naingia tu, mama mkwe kitandani: "Redio, umeanguka?"

"Bado, mama."

"Haya."

Aprili 10

"Umeanguka?" "Bado, mama." "Haya."

Aprili 11

Vile vile.

Aprili 13, Jumapili

Mvua kubwa kuliko zote. Mfereji wa karakana ulifurika, maranda ya mbao yakaelea mpaka mlangoni kwetu. Mtaa wa chini choo cha watu kimezama. Nikasema leo, leo ukuta hauponi. Baada ya ibada nikamvuta Kitinda tukapita kule, tumevaa mifuko kichwani. Umesimama. Maji yanatoka kwenye ufa kama bomba, na umesimama.

Kitinda akasema, "Asante Mungu."

Mimi nikachelewa kusema. Ninaandika hivyo kwa sababu mama mchungaji alisema tuandike kweli. Nilichelewa.

Aprili 17

Mtaa umepata cha kusema. Jirani wa kule kanikuta sokoni: "Mmekimbia ukuta, ukuta haujawakimbiza." Watu wakacheka. Mimi nikacheka zaidi yao, nikamjibu kuwa tumekwenda kupumzika na maranda, yana harufu nzuri kuliko mdomo wake. Lakini nilisahau vitunguu nilivyokuwa nimefuata.

Siku hizi ninasemwa mimi. Nilidhani kusemwa ni kama kusema, ila upande wa pili. Si hivyo.

Aprili 24

Mama mkwe ameanguka.

Kati ya chumba na uani kuna ngazi moja, ndogo, ya kuinua mguu tu. Tumemwonyesha kila asubuhi. Leo hakumwita mtu. Kitinda alikuwa saluni, mume wangu kazini, mimi napiga pasi mapazia ya nyumba ya wageni. Seremala alisikia kishindo akaacha randa. Anasema alimkuta amelala ubavu, mkono umenyooka, kiganja kinatafuta. Ukuta pale haupo, pameachwa wazi kupitishia mbao.

Nyonga. Wamemlaza.

Aprili 27, Jumapili

Hospitali. Wanasema mfupa una namna yake, ila wanachoogopa ni kifua. Amelala sana bila kugeuka.

Mume wangu hajanilaumu. Heri angenilaumu. Ananiambia "umekula?" na "chukua sweta", na kila neno lake la upole ninaliona kama bili.

Aprili 30

Povu kanifanyia kazi yangu nikaenda wodini mchana. Hakusema mzaha hata mmoja. Ndipo nilipoogopa.

Mei 4, Jumapili

Leo nilikuwa naye peke yangu. Kapungua, shuka limekaa kama halina mtu. Mimi nikaongea kama kawaida: Kitinda kapata mteja wa harusi, seremala kaiziba ile nafasi kwa mbao, bwana wa wanja sasa analeta kola safi na mke wake ndiye anayepaka wanja, mwenye kuelewa aelewe. Akatabasamu. Halafu akasema, "Redio. Umeanguka?"

Ninataka kuandika hili sawasawa.

Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Ungekuwa mdogo tu. Umeanguka, mama, juzi, umelala pale kitanda chako kilipokuwa, Mungu alituokoa. Angefurahi, nilijiambia. Angejua hakuvunjika bure. Na mimi maisha yangu yote habari ninaziongeza chumvi, hii ingenishinda nini? Lakini nikaona kuwa si yeye niliyetaka kumpa. Ni mimi. Tangu tuhame nimekuwa nikipita kule kila siku nikiuombea ule ukuta uanguke. Sikuyatamka, lakini Mungu anajua hata yale nisiyoyasema, ingawa ni machache.

"Bado, mama," nikasema. "Umesimama."

"Mungu asifiwe," akasema. Akavuta pumzi. "Kila asubuhi namwomba auache. Ni kazi ya mzee." Akafumba macho, nikadhani kalala. "Na wewe unamwomba nini?"

"Namwomba atuongoze."

"Muongo. Wewe unaomba uanguke."

Nikalia, mbele ya wagonjwa wote. Nikamwambia, mama, mimi ndiye niliyekutoa, kama nilisikia vibaya nisamehe, sikujua, mpaka sasa sijui.

"Hiyo zima," akasema. "Zima kabisa. Nilikuja kwa miguu yangu."

Kitanda chake kiko katikati ya wodi, pande zote hakuna ukuta. Mkono wake ulikuwa unatembea hewani. Nikampa wangu. Akaupapasa kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, taratibu, kama anavyopita koridoni, akafika kwenye kovu langu la pasi akasimama hapo.

"Hapa ni jikoni," akasema.

Mei 6

Amekwenda. Asubuhi, mvua ikiwa imekatika kidogo. Mume wangu alikuwapo.

Mei 9

Tumemzika kando ya mzee. Kaburi lilijaa maji, wakayachota kwa ndoo kwanza. Sitaandika zaidi.

Mei 14

Jua.

Mei 17

Mkutano wa akina mama. Kila mtu na daftari lake, asimame asome alichoomba na alivyojibiwa. Mmoja aliomba kazi akapata, mmoja mtoto wake kaacha pombe. Tukashangilia, na nilishangilia kweli. Zamu yangu ikafika. Wote wakageuka wakitabasamu, maana mimi nikisimama wanajua kuna kicheko.

Nikasoma: Mungu atuonyeshe kama tuhame au tukae.

"Na jibu?" akauliza mama mchungaji.

"Tulihama," nikasema. Nikakaa.

Mtu akanong'ona kuwa leo betri zimeisha. Mama mchungaji hakucheka. Alikuja akakaa nami benchi moja mpaka mwisho, hakusema neno la Biblia wala lingine, na ninamshukuru.

Mei 18, Jumapili

Tumekula watatu. Mume wangu hakujua zamu iishie kwa nani, maana wa mwisho alikuwa mama. Akasema fundi mwashi kaugonga tena ukuta sasa kwa kuwa kumekauka, na jibu lake ni lile lile: unaweza kukaa hivyo miaka. Lakini ataufumua na kuujenga upya, tukitaka. Akauliza, "Tukirudi ukishajengwa, mna amani?"

Kitinda akasema hajui. Yeye mwenyewe akasema hajui. Wakanigeukia mimi, na mimi nikasema sina, ya kurudi sina na ya kukaa hapa sina.

"Basi tunafanyaje?"

Nikasema tuanze na ukuta, ujengwe, kuna watu wanapita chini yake. Mengine Mungu atayaonyesha tukiwa tumeshika kazi. Na kama hataonyesha, tutamwuliza tena Jumapili. Mume wangu akasema, "Una maneno machache siku hizi." Nikamwambia yapo, yanakauka tu kwenye kamba.

Mchana nikaenda kule peke yangu. Kwenye ufa kumeota majani, mabichi kabisa, kama yamealikwa. Nikaweka kiganja kwenye mawe, yana joto. Nikamwambia Mungu nilichomwomba vibaya, ingawa alikijua tayari. Nikamwambia pia kuwa nilimtegemea, na bado sijui alisema nini, na nitamtegemea hivyo hivyo, maana sina mwingine. Sikupata jibu. Nikarudi nyumbani kupika.

Kitanda chake tumekiacha pale pale, chini ya ule msumari. Niliingia, nikasimama mlangoni na kanga mkononi, hakuna aliyeuliza.

"Bado, mama," nikasema.